Chile, New Zealand, Uturuki au Marekani: cheri mbichi uagize kutoka wapi?

Ofa nne ziko mezani. Picha zote zinaonyesha tunda jekundu linalong'aa, na kila muuzaji anasema lake ndilo kubwa, ndilo tamu, ndilo linalokaa. Waagizaji wengi wa cheri mbichi hukwama hapa, kwa sababu wanaanza na bei ya katoni kabla ya kuuliza kinachoipa katoni hiyo thamani: tunda limetoka mtini siku ngapi zilizopita, na siku hizo limezipitia katika joto gani.

Cheri haiivi tena ikishachumwa. Ndizi utaikata ikiwa ya kijani ikaivia safarini, lakini cheri inaondoka shambani ikiwa na utamu wote itakaokuwa nao, na kila siku inayofuata ni ya kupoteza: maji yanatoka, kikonyo kinakauka, nyama ya tunda inalegea. Kuchagua asili ya cheri kwa hiyo ni kuchagua kalenda na njia ya usafiri. Jina la nchi kwenye katoni linakuja baadaye.

Nitaziweka asili nne kwenye mizani moja: Chile, New Zealand pamoja na kisiwa cha Tasmania cha Australia, Uturuki, na kaskazini-magharibi ya Marekani, yaani Washington, Oregon na majirani zao. Vigezo ni vitano: msimu, safari, tunda lenyewe, masharti ya kuingia sokoni, na nani anabeba hasara mambo yakiharibika. Kuna asili nyingine nzuri, kama Uhispania, Ugiriki, Argentina, Uzbekistan na British Columbia ya Canada, lakini ukishaelewa hizi nne utajua pa kuziweka hizo.

Msimu

Mti wa cheri unahitaji majira ya baridi ya kweli ili utoe maua vizuri, kwa hiyo mashamba yake yapo kwenye latitudo za kati za kaskazini na kusini, na misimu yao inapokezana.

Chile hufungua kwa shehena ndogo za ndege kuanzia mwishoni mwa Oktoba. Wimbi kubwa, linalosafiri kwa meli, hutoka mikoa ya O'Higgins na Maule kati ya Novemba na Januari. New Zealand, ambako moyo wa zao ni Central Otago, na Tasmania huanza kwa nguvu katikati ya Desemba na kuendelea hadi Februari. Uturuki huanza katikati ya Mei kwenye nyanda za chini karibu na Bahari ya Aegean, upande wa Kemalpaşa na Manisa, kisha mavuno yanapanda milima kuelekea Afyonkarahisar, Isparta na Konya hadi mwishoni mwa Julai au zaidi kidogo. Kwa Marekani, California hutangulia Mei, halafu Washington na Oregon huchukua Juni, Julai na sehemu ya Agosti.

Zitazame tarehe hizo kwa makini. Chile na Uturuki hazishindani hata siku moja. Anayeuliza ipi bora kati ya hizo mbili anauliza swali lisilo na jibu, kwa sababu hawezi kuzipata pamoja. Mashindano ya kweli ni mawili: Chile dhidi ya New Zealand na Tasmania kuanzia Desemba, na Uturuki dhidi ya Marekani kuanzia Juni. Mwenye nia ya kuuza cheri muda mrefu katika mwaka atahitaji mmoja kutoka kila upande, na bado atabaki na miezi mitupu ya Machi, Aprili, Septemba na sehemu kubwa ya Oktoba. Miezi hiyo asiwaahidi wateja wake kitu.

Tarehe moja inatawala msimu wa kusini hata kwa asiyeuza China: Mwaka Mpya wa Kichina. Cheri ni zawadi ya sikukuu hiyo, na sehemu kubwa mno ya cheri za Chile, karibu asilimia 90, huenda China. Sikukuu huhama kila mwaka. Ilikuwa tarehe 29 Januari mwaka 2025, 17 Februari mwaka 2026, na itakuwa 6 Februari mwaka 2027. Kabla yake, kila kontena linavutwa kuelekea Guangzhou na Shanghai, na mnunuzi wa nchi nyingine anapata tabu kupewa mzigo wa daraja la juu. Baada yake bei hulegea haraka. Inapoangukia Januari, msimu unabanwa na matunda yote yanakimbilia wiki chache. Inapochelewa hadi katikati ya Februari, matunda ya mwisho hukaa siku nyingi zaidi kwenye vyumba vya baridi yakiisubiri. Weka kalenda hiyo mbele yako kabla hujajibu ofa yoyote ya Desemba.

Safari

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Cheri inatakiwa ipozwe haraka baada ya kuchumwa, ndani ya saa chache, kwa kawaida kwa kumwagiwa maji ya baridi kali. Baadaye hukaa karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi, katika unyevu wa asilimia 90 hadi 95. Katika hali hiyo hudumu wiki mbili hadi nne. Mifuko maalumu ndani ya katoni, inayoacha kabonidayoksaidi ipande na oksijeni ishuke, huongeza muda huo kidogo. Hakuna teknolojia inayorudisha siku iliyopotea juani kabla ya kupozwa.

Chile inasafiri mbali kuliko wote. Meli za moja kwa moja zilizotengwa kwa ajili ya cheri huvuka Pasifiki hadi kusini mwa China kwa wiki tatu hivi; meli za kawaida zenye vituo njiani huchukua zaidi. Ongeza siku za kuchambua na kufungasha, kupakia, forodha na kufikisha dukani: tunda linafika kwa mlaji likikaribia umri wa mwezi mmoja. Kwamba linafika likiwa linalika vizuri ni kazi kubwa ya wakulima na mafundi wa baridi wa Chile, nami nawaheshimu kwa hilo. Lakini mwagizaji aelewe kwamba muda wa kuuza alionao ni siku chache. Akichelewesha kontena bandarini kwa wiki moja, ameshamaliza akiba yote.

New Zealand na Tasmania husafirisha zaidi kwa ndege. Kinachochumwa leo kinaweza kuwa kwenye rafu za Taipei au Hong Kong ndani ya siku tatu au nne. Kikonyo kinafika cha kijani, na hilo mnunuzi wa zawadi analiona kabla hajaonja. Bei yake ni nauli ya ndege kwa kila kilo, pamoja na hatari ambayo wengi huisahau: mnyororo wa baridi hukatika uwanjani, paleti zinaposubiri kwenye lami chini ya jua. Saa mbili za jua zinaweza kulifanya tunda la siku mbili lizeeke kuliko lililokaa siku kumi kwenye kontena zuri.

Uturuki ina bahati ya jirani. Malori yenye majokofu huondoka kwenye viwanda vya kufungashia na kufika Ujerumani, soko lake kubwa la Ulaya, chini ya wiki moja. Hakuna nauli ya ndege wala wiki tatu za bahari. Udhaifu wake ni foleni za mpakani, hasa Juni malori yanapokuwa mengi. Kwa masoko ya mbali, kama Asia ya Mashariki, Uturuki hulazimika kupanda ndege kama wengine, na faida hiyo inayeyuka.

Marekani hupeleka Canada kwa lori na Asia kwa ndege zaidi, na Seattle haiko mbali na mabonde ya Yakima na Wenatchee. Kuna mizigo inayokwenda Asia kwa meli pia, na safari yake ni fupi kuliko ile ya Chile. Kwa hiyo uliza kila ofa ni ya ndege au ya meli. Bei mbili za asili moja zinaweza kutofautiana kwa sababu hiyo peke yake.

Kwa asili yoyote dai vitu viwili: tarehe ya kuchumwa, maana tarehe ya kufungashwa haitoshi, na kumbukumbu ya kifaa cha kupima joto kilichosafiri ndani ya mzigo. Muuzaji anayekwepa maswali hayo ameshajibu.

Tunda lenyewe

Chile hupanda Santina kwa mapema, Lapins katikati na Regina mwishoni. Zinapendwa kwa sababu zinavumilia bahari. Regina hasa ni ngumu na haipasuki kirahisi mvua ikinyesha. New Zealand na Tasmania hupanda Lapins na Sweetheart kwa wingi, lakini huacha tunda mtini hadi likomae zaidi, kwa kuwa halina safari ndefu ya meli, na mlaji anaisikia tofauti hiyo. Uturuki inasimama juu ya aina moja, 0900 Ziraat, inayojulikana pia kama Napolyon: kubwa, umbo la moyo, kikonyo kirefu, nyama ngumu. Marekani ina Bing, iliyotokea Oregon miaka ya 1870 katika shamba la Seth Lewelling na kupewa jina la msimamizi wake Mchina, Ah Bing. Ina pia Rainier ya manjano yenye wekundu usoni, iliyozalishwa Prosser, Washington, mwaka 1952. Rainier ni tamu sana, ila kila mguso unaacha alama ya kahawia kwenye ngozi yake nyepesi. Usiiagize kwa njia ndefu.

Lugha ya ukubwa huwachanganya wageni. Chile hutumia herufi: XL ni milimita 24 hadi 26, J ni 26 hadi 28, JJ ni 28 hadi 30, JJJ ni 30 hadi 32. Marekani hutumia namba ya safu, yaani matunda mangapi hujipanga kwa upana wa katoni, na kadiri namba inavyopungua ndivyo tunda linavyokuwa kubwa: safu ya 9.5 ni kama milimita 28, safu ya 10.5 ni kama milimita 25. Ulaya huandika milimita moja kwa moja. Kiwango cha chini kinachofuatwa huko ni milimita 20 kwa daraja la Ekstra na 17 kwa madaraja ya I na II, ingawa supamaketi hudai zaidi ya hapo. Kabla ya kulinganisha bei, geuza ofa zote kuwa milimita na kilo. Katoni ya Chile ya kilo 5 na ya Marekani ya ratili 20, kama kilo 9, hazilinganishiki kwa kuzitazama.

Usiufanye ukubwa kuwa kila kitu. Tunda la milimita 30 lililolegea litarudishwa na mteja. La milimita 26 lililo gumu, lenye kikonyo kibichi, atalirudia kununua.

Masharti ya kuingia

Kila jozi ya nchi ina sheria zake, na hili linaweza kukuondolea asili moja kabla hujafika kwenye bei. Jambo la kwanza ni kama nchi yako imeifungulia nchi hiyo mlango wa cheri. Bila makubaliano ya afya ya mimea, hakuna cheti, na bila cheti mzigo hauingii.

Wadudu ndio kiini cha makubaliano hayo. Japani ilipofungua soko kwa cheri za Marekani mwaka 1978, sharti lilikuwa kufukiza matunda kwa methili bromidi ili kuua nondo wa tufaha. Tasmania inafaidika kwa kutambuliwa kama eneo lisilo na nzi wa matunda, kwa hiyo masoko kadhaa ya Asia huipokea bila matibabu yanayochosha tunda. Kwa Ulaya, wasiwasi mkubwa ni mabaki ya dawa. Mwaka 2016 Ufaransa ilizuia cheri kutoka nchi zinazoruhusu dimethoati, dawa ya kuua wadudu, kwenye miti ya cheri. Anayeleta kutoka Uturuki apime mabaki kabla lori halijaondoka. Akisubiri kupimwa mpakani, amechelewa.

Ushuru unabadilisha hesabu usiku mmoja. China ilipandisha ushuru wa cheri za Marekani kutoka asilimia 10 hadi 50 ndani ya mwaka 2018, wakati Chile ilikuwa ikiingia bila ushuru chini ya mkataba wa biashara huria. Korea Kusini ilifanya kinyume: ushuru wa asilimia 24 kwa cheri za Marekani uliondolewa mara moja mkataba wao ulipoanza Machi 2012. Umoja wa Ulaya una mfumo wa bei ya kuingilia katika msimu wake, na mzigo unaotangazwa chini ya bei hiyo huongezewa ushuru. Kununua kwa bei ya kutupa kunaweza kukugharimu forodhani.

Fedha na hatari

Chile ndiyo msafirishaji mkubwa kuliko wote duniani. Msimu wa 2023/24 ilituma takriban tani 413,000. Wa 2024/25 ukafika zaidi ya tani 620,000. Wingi huo ni nguvu kwa mnunuzi: mzigo upo, madaraja yapo, wauzaji ni wengi. Ni hatari pia, maana karibu wote unaelekea soko moja, na katika msimu huo mkubwa bei za China zilianguka vibaya. Januari 2025 meli moja iliharibika injini katikati ya Pasifiki ikiwa na zaidi ya makontena 1,300 ya cheri. Ilifika sikukuu ikiwa imekwisha. Wakulima waliopeleka mali kauli, wakisubiri malipo baada ya mauzo, ndio waliobeba uzito. Mwagizaji wa kawaida asidhani mpango huo unamlinda daima. Msafirishaji aliyeumia mwaka jana atadai kima cha chini cha malipo kilichohakikishwa mwaka huu, na hapo hasara inahamia kwako.

Hatari ya New Zealand na Tasmania ni udogo. Tani elfu chache tu husafirishwa, na mvua ya wiki moja mwezi Desemba inaweza kupasua sehemu kubwa ya zao. Helikopta huruka chini juu ya miti kukausha matunda, lakini haziwezi kila kitu. Kiasi ulichoahidiwa Oktoba kichukulie kama matumaini.

Uturuki kwa miaka mingi imekuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote, lakini sakitu ya Aprili, yaani baridi inayogandisha maua, ni adui wake. Baridi kali ya Aprili 2025 iliharibu zao kwa kiasi ambacho wanunuzi wa Ulaya walibaki wakitafuta mbadala haraka. Uzuri ni kwamba sakitu hutangulia mavuno. Mwishoni mwa Aprili unajua hali na una wiki kadhaa za kujipanga, nafasi ambayo mvua ya Desemba haikupi.

Marekani iliungua kwa joto kali la mwisho wa Juni 2021. Mwaka 2023 California ilichelewa, msimu wake ukagongana na wa kaskazini-magharibi, matunda yote yakafika sokoni kwa pamoja na bei ikaporomoka. Kwa mkulima lilikuwa janga. Kwa mnunuzi wa nje aliyekuwa na nafasi ya ndege, ilikuwa fursa. Soko la ndani la Marekani ni kubwa, kwa hiyo muuzaji wake ana pa kukimbilia na hakubembelezi. Wewe nawe huna uhakika wa kupata bei nzuri kila mwaka.

Kila asili inamfaa nani

Chile inamfaa mwenye kiasi, mwenye vyumba vya baridi na mtandao wa kugawa mzigo wa tani 20 ndani ya siku chache. New Zealand na Tasmania zinamfaa anayeuza katoni za zawadi kwa wateja wanaolipia ubichi. Uturuki inamfaa aliye umbali wa lori. Marekani inamfaa aliye karibu na njia ya ndege ya Pasifiki, katika nchi isiyoitoza ushuru mzito, na anayetaka aina zenye jina, kama Bing na Rainier.

Ukiwa katika hali hii

Ukianza mwaka wako wa kwanza, usiguse kontena la meli. Chukua paleti chache za ndege, hata kama faida ni ndogo, ujifunze wateja wako wanamaliza katoni ngapi kwa siku. Idadi hiyo ndiyo itakayokuambia kama kontena zima ni biashara au ni takataka.

Ukiwa unasambazia supamaketi kwa mkataba, tafuta wauzaji wawili kutoka maeneo tofauti ya asili ileile, mmoja wa mapema na mmoja wa baadaye. Nchini Uturuki chukua mmoja wa bondeni na mmoja wa milimani. Nchini Chile, mmoja mwenye Santina na mwingine mwenye Regina.

Ukiwa na wateja wa sikukuu, hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya sikukuu. Mzigo wa meli uwe bandarini angalau siku kumi kabla. Asilimia ndogo ya oda iweke kwenye ndege, hata kama inakuuma, ili meli ikichelewa usibaki na rafu tupu.

Ukiwa huna chumba cha nyuzi sifuri, nunua kwa mwagizaji mwenye nacho, kidogo kidogo kila siku mbili, na umlipe faida yake.

Na ofa ikija Februari katikati, ya Chile, rahisi ajabu, mara tu baada ya Mwaka Mpya wa Kichina, usiikatae wala usiikubali kwa simu. Tuma mtu afungue katoni tano kutoka paleti tofauti, apime joto katikati ya katoni, atazame vikonyo, abonyeze matunda kutafuta mabonde ya michubuko, aonje. Ikiwa vikonyo vya kahawia vimezidi nusu, mwambie muuzaji bei ya tunda la kuuzwa ndani ya siku mbili, na ununue kiasi cha siku mbili tu.